Hema Mbili, Kijito Katikati

Kila asubuhi mchora ramani alianza kazi kwa namna ile ile. Alifungua madirisha mawili ya ofisi, akawasha birika, akatandaza ramani kubwa juu ya meza na kuibana pembe zote kwa mawe. Kisha alichukua uzi mweupe wa kushonea, akaulaza juu ya njia aliyokuwa akiipanga siku hiyo, kona kwa kona, taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, halafu akaunyoosha kwenye rula ili ajue urefu wake. Kompyuta ingeweza kumpa jibu hilo kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta alikuwa nayo. Lakini aliona kwamba kompyuta inaipima njia tu, wakati kidole kinachofuata uzi kinachoka penye kona nyingi, na pale kidole kinapochoka, mtembeaji naye atachoka.

Asubuhi hiyo uzi ulikuwa umefika nusu ya kilima cha mashariki mlango uliposukumwa bila hodi. Kidole kikateleza na njia nzima ikavurugika.

"Samahani, mikono imejaa," alisema kiongozi wa misafara. Alikuwa amebeba vikombe viwili vya chai kutoka mgahawa wa chini, naye alijua vizuri kwamba birika la humo ndani lilikuwa linachemka.

Hakuwa mtu wa kuonekana ofisini saa hizo. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu porini na vilimani, mabegi mgongoni, na kuwarudisha wakiwa wazima. Kila aliporudi alikaa upande wa pili wa meza hiyo, vumbi likiwa bado kwenye nyusi, akamweleza mchora ramani ni wapi ramani ilisema kweli na wapi ilidanganya. Kijito fulani kimehama. Daraja fulani limepoteza mbao. Mteremko fulani uandikwe "polepole" kwa herufi kubwa. Mazungumzo yao yalikuwa ya namna hiyo kwa muda wa miaka miwili, na kama mtu angewasikiliza kutoka nje ya mlango, angedhani ni mafundi wawili wanaojadili bomba la maji.

Mchora ramani aliitambua sauti ya viatu vyake ngazini kabla hata hajafika ghorofa ya kwanza. Hilo hakumwambia mtu yeyote. Hata nafsi yake aliiambia kwa kunong'ona.

"Hukutakiwa kuwa njiani leo?" aliuliza.

"Nimemwachia mwenzangu. Nimekuja kuomba njia." Akaweka kikombe kimoja mbele yake, mbali na ramani, kama alivyofundishwa. "Ya mgeni. Mgeni kabisa. Hajawahi kubeba begi mgongoni wala kulala kwenye hema. Siku tatu, tunalala usiku mbili."

"Kundi la watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja na wewe."

"Mmoja na mimi."

Mchora ramani akachukua penseli na kuichonga, ingawa ilikuwa imechongwa.

"Mwanamume au mwanamke? Nauliza kwa ajili ya vyoo."

"Mwanamke."

"Vizuri."

Hakukuwa na chochote kizuri, lakini mtu aliyezoea kuficha moyo wake huwa na neno moja la kufunikia kila kitu, na la kwake lilikuwa hilo.

"Ana goti moja linamsumbua," kiongozi akaendelea. "La kushoto. Baridi haipendi. Choo anataka chenye mlango, na mlango wenye komeo. Kila jioni lazima apige simu nyumbani. Na hapendi kuharakishwa. Ukimharakisha anasimama kabisa."

Alisema hayo akitabasamu kidogo, kama mtu anayesimulia vituko vya mtu wake. Mchora ramani alilitazama tabasamu hilo mara moja, ikamtosha.

"Ana umri gani?"

"Hapendi kuulizwa."

"Ni nani?"

"Nimeahidi sitamtaja."

Penseli ilikuwa imechongeka hadi karibu kuisha. Akaiweka chini. "Wateja wote tunawapangia kwa uangalifu. Huyu ana nini zaidi?"

Hapo tabasamu likaondoka usoni kwa kiongozi. Akainamia meza, viganja vyake vipana vikiwa pande mbili za ramani, macho yakiwa kwake wala si kwenye ramani. "Safari hii ikiharibika, mimi nimeharibikiwa. Sikuombi nyingine. Ipange kama unampangia mtu wako mwenyewe."

"Utaipata jioni," alisema mchora ramani.

Alipotoka, dada wa mapokezi, ambaye meza yake ilikuwa nyuma ya kizuizi chembamba cha mbao na masikio yake hayakuwa na kizuizi chochote, alikuja na kiti chake cha magurudumu bila kunyanyuka.

"Choo chenye komeo," alisema. "Shoga yangu, mwanaume hajisumbui na komeo kwa ajili ya mteja."

"Ni usalama tu."

"Usalama wa nini? Huyo amepata mtu. Amempata, na sasa anampeleka porini akamuoneshe jinsi anavyowasha moto wa kuni kwa kiberiti kimoja. Na wewe ndiye unayemchorea njia ya kwenda kuposa." Akatikisa kichwa. "Ningekuwa mimi ningempitisha kwenye nyuki."

"Rudi kwenye simu yako."

"Haijalia. Na hata wewe hulii, ndiyo maana nakuogopa."

Mchora ramani alijikaza kisabuni, akaulaza uzi upya.

Njia ya mgeni ina adabu yake, na yeye aliijua adabu hiyo kama wengine wanavyojua kupika wali usiungue. Siku ya kwanza iwe fupi, ili mtu alale akijiona ni hodari. Siku ya pili ndiyo impe kitu cha kwenda kusimulia. Maji yasiwe mbali. Kila siku iwe na mahali ambapo mtu aliyeshindwa anaweza kushuka hadi barabarani bila aibu. Na goti bovu halilalamiki sana kupanda, linalalamika kushuka. Kwa hiyo akatafuta upande wa kilima unaopanda kwa ukali na kushuka kwa upole, akaukuta, akauchora. Akampigia simu mwenye shamba la miti, kuomba ruhusa ya kupita kwenye uzio wake. Akampigia mwenye nyumba ya wageni ya bondeni kuuliza habari za choo, na mwenye nyumba akaapa kwamba komeo lipo, ila limelegea. "Likazeni," alisema mchora ramani, kwa ukali ambao yeye mwenyewe aliushangaa.

Angeweza kuiharibu njia ile. Angeweza kumpitisha huyo mwanamke kwenye mawe yanayoteleza, au kumlaza mahali ambapo upepo hauachi hema isimame. Hakuweza. Mikono yake haikujua kumdanganya mtembeaji, hata mtembeaji aliyekuja kumnyang'anya kitu ambacho hakikuwa chake.

Alishindwa mahali pamoja tu. Usiku wa pili ungekuwa kwenye uwanda mdogo wa nyasi, kando ya kijito, mahali pazuri kuliko pote katika ramani nzima. Kiongozi mwenyewe ndiye aliyemwambia. Pale panatosha hema mbili bega kwa bega. Mchora ramani aliitazama nafasi hiyo kwa muda mrefu. Kisha akachora hema moja upande huu wa kijito, na ya pili upande wa pili.

Jioni kiongozi alirudi, akakaa mahali pake pa siku zote, akaanza kuifuata njia kwa kidole. Alipofika kwenye mteremko wa upole aliguna. Alipofika kwenye kivuli alichopangiwa mgeni kupumzika, akanyanyua macho.

"Umelifikiria goti lake kila hatua."

"Ndiyo kazi."

"Hapana. Kazi naijua." Akaendelea na kidole, kikafika kwenye kijito, kikasimama. "Hapa sijaelewa. Mbona hema moja huku na nyingine ng'ambo?"

"Ardhi ina unyevu."

"Nimelala hapo mara nyingi. Pakavu kama mkate wa juzi."

"Hali ya hewa imebadilika."

"Tangu lini?"

Mchora ramani alianza kukunja uzi kwenye kadi yake. "Tangu karibuni."

"Na akihitaji kitu usiku?"

"Atakuita. Kijito ni kidogo, sauti inavuka."

"Nami nitavuka."

"Usivuke," alisema haraka mno. Kisha, kwa sauti ya kawaida, "Maji ni baridi."

Kiongozi alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutafuta njia mahali ambapo hakuna, hayakimbii wala hayalazimishi, yanangoja tu. Mchora ramani akahisi shingo yake inapata moto. Aliendelea kukunja uzi hadi ukaisha, na ulipoisha akakunja hewa. Kiongozi akafungua mdomo. Kulikuwa na jambo pale, hata dada wa mapokezi nyuma ya mbao zake alikuwa ameacha kutafuna. Kisha mdomo ukafungwa.

"Nashukuru," alisema. "Ni njia nzuri. Kesho nafunga begi lake, kesho kutwa asubuhi tunaondoka."

Akaikunja ramani na kushuka ngazi. Mchora ramani alihesabu viatu vyake hadi chini, ingawa hakukusudia.

Nyumbani aliishi na mama yake, watu wawili katika vyumba vitatu. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni kabla hajastaafu, na bado aliongea kama mtu anayetaka kusikika upande wa pili wa sufuria mia. Mumewe, baba wa mchora ramani, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Siku moja, mwisho wa moja ya safari hizo, alipata nyumba nyingine na hakurudi. Mama hakulia mbele ya watu. Aliuza viti vyake, akanunua vingine ambavyo mtu yule hakuwahi kukalia, na tangu siku hiyo alikuwa na kauli moja juu ya ndoa ya binti yake: aolewe na mtu mwenye mlango. Mfamasia wa kona, kwa mfano. Alifunga duka jioni, akapanda ngazi, na tayari alikuwa nyumbani. "Huyo hata akitaka kupotea," mama alipenda kusema, "atapotelea kwenye kabati la dawa."

Jina la kiongozi wa misafara likitajwa, mama aliinua sauti ya redio.

Jioni hiyo mchora ramani alipofungua mlango alisikia kishindo kutoka sebuleni. Kishindo, kimya, kishindo. Akaingia. Mama yake alikuwa anaizunguka meza ya chakula, gauni la nyumbani limefika magotini, miguuni amevaa viatu vipya vya buti, vya kahawia, vyenye kamba nyekundu. Mgongoni alikuwa na begi la shule la zamani la binti yake, limetuna.

"Umechelewa," alisema mama bila kusimama. "Chakula kipo jikoni, kimefunikwa."

"Mama, unafanya nini?"

"Naizunguka meza."

"Naona. Kwenye begi mna nini?"

"Unga. Na chumvi. Na ile pasi mbovu." Akafika kwenye kona, akaishika kwa mkono, akakunja uso. "Viatu vipya havivaliwi siku ya safari, vinavaliwa kabla. Hata wewe huwa unasema."

Ni kweli, binti alikuwa akisema hivyo. Kwa wageni. Mchora ramani aliweka mkoba wake chini polepole. Aliuona mkono wa mama yake ukishuka na kusugua goti. La kushoto.

Swali lilimtoka likiwa limejiunda lenyewe. "Mama. Huko unakokwenda, jioni utampigia nani simu?"

"Nitakupigia wewe. Nina mtoto mwingine?"

Pasi mbovu iligonga ndani ya begi mara moja, kisha ikatulia. Mama alitambua kwamba amejifunga mwenyewe, akavuta kiti, akakaa na begi lake mgongoni kama abiria.

"Alisema hatasema," alisema.

"Hajasema. Umesema wewe."

"Basi." Akaanza kufungua kamba za viatu, ili awe na mahali pa kutazama. "Alikuja wiki iliyopita, wewe ukiwa kazini. Amevaa shati la pasi. Akakaa pale. Akanywa chai yote, hakuacha hata masalia. Akasema anakutaka wewe, kwa heshima, akitaka nimpe ruhusa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hapana. Nikamwambia na baba yako pia alikuwa hodari wa safari."

"Mama."

"Nilimwambia, ndiyo. Nikidhani atabisha nimfukuze vizuri. Hakubisha. Akauliza, nifanye nini ili unijue? Sasa swali kama hilo sikuwa nalo tayari." Mama akavua buti moja, akalishika mapajani. "Nikafikiri. Nikamwambia, nipeleke huko huko unakokwenda. Kwa sababu mtu humjui akiwa amekaa kwenye kochi. Mtu unamjua wewe ukiwa umechoka, mguu unauma, mvua inanyesha, na yeye ndiye aliyeshika chakula na yeye ndiye anayejua njia. Kama atanuna, atanuna hapo. Baba yako nilimjua kwenye kochi tu."

Mchora ramani alikuwa bado amesimama. Furaha ilikuwepo, aliihisi ikimgonga kwa ndani, lakini mbele yake lilikuwa limekaa jambo jingine na halikutaka kupisha.

"Na mimi?" alisema.

"Wewe umefanya nini?"

"Mimi nimeulizwa lini?"

Mama akanyanyua macho kutoka kwenye buti. "Kwani hajakuuliza?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata kwa kuzungukazunguka?"

"Ameniambia madaraja yote mabovu ya nchi hii, mama. Hilo hajaniambia."

Mama alinyamaza, na kwa mwanamke yule kunyamaza kulikuwa sawa na mwingine kuomba radhi. "Nilidhani mmeshamalizana huko," alisema hatimaye. "Nilidhani nimebaki mimi tu." Kisha, kwa sauti ndogo asiyoizoea, "Na angekuuliza?"

Mchora ramani alikwenda jikoni, akachukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha. Mama alimfuata, mguu mmoja na buti, mmoja na soksi, akasimama mlangoni akimtazama mgongo. Alikuwa ameulea mgongo huo, alijua kuusoma.

"Sawa," alisema. "Usinijibu mimi. Ila niambie jambo moja, nijue nijiandaeje. Huyo mwenzangu wa safari amesema mahali pa kulala usiku wa pili ni pazuri sana. Hema yangu umeiweka wapi?"

"Ng'ambo ya kijito."

"Na yake?"

"Huku."

Mama akafikiri. "Mwanangu," alisema, "ulitaka niliwe na nini?"

Asubuhi ya pili mchora ramani hakufungua madirisha wala hakuwasha birika. Alishuka moja kwa moja hadi stoo, chumba kirefu chini ya ngazi ambako hema zilianikwa kwenye kamba kama nguo za watu wakubwa kupita kiasi, mahali ambapo yeye hakuwa na kazi na kwa hiyo hakuwahi kwenda. Kiongozi alikuwa ameninginiza begi la kijani kwenye mizani ya ndoano, analipunguza: anatoa sufuria, anapima, anatoa blanketi, anapima, analirudisha blanketi.

"Hapendi baridi," alieleza bila kugeuka, akidhani ni msaidizi wake.

"Najua. Tangu nizaliwe."

Akageuka. Sufuria ilikuwa mkononi, akaiweka chini kwa uangalifu kuliko sufuria inavyohitaji.

"Amekuambia?"

"Viatu vimemsema." Alikuwa amepanga maneno usiku wote na sasa hakuliona hata moja. Akashika ukingo wa hema iliyokuwa karibu. "Umekwenda kwa mama yangu. Umekaa, umekunywa chai, umemwambia. Miaka miwili unakaa mbele yangu, hujaniambia. Kwa nini?"

Wanaume wengi wangecheka hapo, wakaugeuza mzaha. Yeye alilitazama swali kama anavyotazama mto uliojaa, akitafuta pa kuvukia.

"Ni wewe uliyenifundisha," alisema. "Usimwambie mgeni kuna njia kabla mwenye shamba hajakubali mpite. Unakumbuka lile kundi la walimu? Niliwaahidi bonde, mwenye bonde akatufungia geti, wakarudi wamenywea. Ukaniambia, usimpe mtu tumaini ambalo ruhusa yake huna. Nikasema wewe sitakufanyia hivyo. Mama yako alikuwa hanitaki, kila mtu anajua. Nikasema kwanza nipate ruhusa, ndipo nije kwako na kitu kizima."

Alisema kweli tupu, na ukweli huo ulikuwa mzuri, na mchora ramani karibu akubali uishie hapo. Kukubali kulikuwa kazi yake ya siku zote.

"Mimi si shamba la mama," alisema.

Kiongozi akaliacha begi lizunguke kwenye ndoano.

"Mwenye shamba unamwomba kwa sababu shamba halina mdomo. Mimi ninao. Hausikiki sana, lakini upo."

"Upo," alikubali. Akasugua kiganja kwenye suruali. "Nikuambie na nusu nyingine?"

"Niambie."

"Mama yako akinikataa, nimekataliwa na mama yako. Nitaumia, lakini Jumatatu nitapanda ngazi, nitakaa pale mezani, nitakuambia kijito kimehama. Wewe ukinikataa, nitakaa wapi?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Nimewavusha watu kwenye mvua ya mawe. Meza yako ndiyo naiogopa."

Hawakuwa karibu. Kati yao kulikuwa na begi linalozunguka taratibu kwenye ndoano, mara linamficha uso, mara linauonesha, na kila ulipoonekana ulikuwa unamtazama yeye. Mchora ramani aliuona mkwaruzo mdogo juu ya nyusi ya kulia, wa tawi fulani la njia fulani aliyoichora yeye, na akatamani kuugusa, na akaona aibu kwa kutamani, na aibu hiyo haikuondoa tamaa hata kidogo.

"Basi tufanye hivi," alisema kiongozi, akijitahidi kuwa mtu wa busara. "Kesho tunaondoka. Tutakwenda, tutarudi. Mama akiridhika, nitakuja juu, nitabisha hodi, nitakuuliza kama inavyotakiwa. Asiporidhika..." Akainua mabega. "Asiporidhika sitakugombanisha na mama yako. Amekulea peke yake. Tungoje tuone atakavyosema."

Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa na mahali pa kupumzika, na mahali ambapo mtu aliyeshindwa anaweza kushuka bila aibu. Mchora ramani aliitambua kazi hiyo, ilikuwa kama yake.

Mlango wa stoo ukalia. Mama akaingia kinyumenyume, akiusukuma kwa mgongo, buti zake za kamba nyekundu miguuni na begi la unga mkononi.

"Umesema nije nipimiwe mikanda ya begi," alianza, kwa sauti ya jiko, "nami nimeona bora niwahi, maana..." Akawaona wote wawili.

"Shikamoo, mama," alisema kiongozi.

"Marahaba." Akamtazama binti yake, akaitazama sufuria sakafuni. "Nitarudi baadaye. Mimi sipo hapa."

"Usiondoke, mama," alisema mchora ramani.

Mama akasimama. Kiongozi naye alikuwa amelishika begi lisizunguke. Wote walimngoja, na hakuna aliyewahi kumwona akingojwa. Angeweza kusema "vizuri", neno lake la kufunikia, na kila mtu angerudi kwenye kazi yake, na safari ingekwenda, na jibu la maisha yake lingeletwa nyumbani baada ya siku tatu na goti la mtu mwingine.

"Mtakwenda," alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Mama, unayo haki ya kumjua. Mtazame vizuri. Lakini usiniletee jibu. Hukutumwa kulileta."

Kisha akamgeukia kiongozi, na safari hii hakutafuta kitu cha kukunja wala cha kuchonga.

"Nakupenda wewe. Nilikupenda kabla hujakwenda kunywa chai kwetu. Mama akirudi anakusifu, nitakuwa nakupenda. Akirudi goti limevimba anasema hapana, nitakaa naye, nitamkanda, nitabishana naye, na nitakuwa nakupenda vilevile. Hukuniuliza. Ndiyo maana nakuambia bila kuulizwa."